Mwongozo kamili: kupanga teknolojia ya jukwaa la mafuta na gesi linaloendeshwa kutoka nchi kavu

Mipango mingi ya kuendesha jukwaa la baharini kutoka nchi kavu hukwama mahali pale pale. Timu inakaa, inaorodhesha kamera, roboti, droni na programu za kuchambua data, inanunua, inafunga. Mwaka unakatika na helikopta bado zinapaa kila wiki. Tangi la kemikali bado linataka kujazwa, chujio bado linaziba, na vali iliyojifunga usiku inamsubiri fundi aje aifungue kwa mkono.

Mwongozo huu unaanza na safari. Kila safari ya kwenda jukwaani ina kazi iliyoisababisha, na kifaa kinanunuliwa pale tu kinapoifuta kazi hiyo au kuisogeza mbele kwa miezi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu safari yenyewe ina hatari zake. Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta iliyokuwa ikirudisha wafanyakazi kutoka jukwaa la Gullfaks B ilianguka Turøy, Norway, na wote 13 waliokuwemo wakafa.

Lengo linafikika. Jukwaa la Oseberg H, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, lilianza kuzalisha mwaka 2018 likiwa halina vyumba vya kulala wala uwanja wa helikopta. Lilipangwa tangu mwanzo litembelewe mara moja au mbili tu kwa mwaka.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kabla hujakusanya hivi:

- Kumbukumbu za kazi zote zilizofanyika jukwaani kwa miezi 24 iliyopita. Kama jukwaa bado halijajengwa, tafuta za jukwaa linalofanana nalo.
- Michoro ya mabomba na vifaa iliyosahihishwa hadi leo. Mchoro wa siku ya uzinduzi haufai, kwa kuwa mafundi wameshabadilisha mengi tangu hapo.
- Jedwali la sababu na matokeo, yaani lile linaloonyesha kihisi gani kikipaza kengele kinafunga vali ipi.
- Ripoti ya uchambuzi wa hatari (HAZOP), pamoja na viwango vya SIL, yaani daraja za kutegemeka, vya kila mfumo wa usalama.
- Hesabu ya umeme: kila kifaa kinakula wati ngapi.
- Takwimu za mawimbi na upepo, mwezi kwa mwezi.
- Watu: mwendeshaji aliyewahi kulala jukwaani, fundi mitambo, fundi wa vihisi, mhandisi wa usalama, mtu wa mitandao.

Huyo wa kwanza katika orodha ya watu ndiye anayesahaulika mara nyingi, na ndiye anayejua kwamba pampu ya pili huwa haiwaki mpaka mtu aibembeleze.

## Hatua ya 1: Andika kila sababu ya kumpeleka mtu

Chukua zile kumbukumbu za kazi ujaze jedwali lenye safu nne: kazi gani, hufanyika mara ngapi, huchukua saa ngapi, na ikicheleweshwa kwa miezi sita kutatokea nini. Andika kila kitu, hata kufuta chumvi kwenye kioo cha kamera na kufukuza ndege waliojenga kiota.

Safu ya nne ndiyo itakayokuamulia. Kazi ambayo ikicheleweshwa hakuna kinachoharibika inasogezwa kwenye ziara kubwa ya mwaka, na hapo hakuna kifaa cha kununua. Kazi inayosimamisha uzalishaji au kuhatarisha usalama ndiyo inayostahili fedha na akili yako.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuitazama safari yoyote ya mwaka jana na kusema ni mistari ipi ya jedwali iliyoisababisha. Ukikuta safari za "ukaguzi wa kawaida" zisizo na mstari wowote, waulize waliokwenda. Kwa kawaida walikwenda kwa sababu kifaa fulani hakiaminiki na hakuna aliyeliandika jina lake.

## Hatua ya 2: Futa kazi kabla ya kuiwekea mtambo

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo safari nyingi hupungua kwa gharama ndogo.

Chukua mfano wa pampu inayoingiza kemikali ya kuzuia kutu kisimani, lita 2 kwa saa. Hiyo ni lita 48 kwa siku. Tangi la lita 3,000 litakauka baada ya siku 62, kwa hiyo umeshajifunga kwenda baharini mara sita kwa mwaka hata jukwaa lingejaa roboti. Ukitaka kwenda kila baada ya siku 183, unahitaji lita 8,784, na akiba kidogo kwa ajili ya bahari ikichafuka. Tangi la lita 10,000 linatosha. Au leta kemikali kwa bomba jembamba kutoka jukwaa mama, na tangi liondoke kabisa.

Pitia kila mstari wa jedwali kwa jicho hilo. Chujio linaloziba kila mwezi liwekwe mawili sambamba, lenye vali ya kuhamisha mkondo kutoka mbali. Kifaa chenye sehemu nyingi zinazozunguka kibadilishwe na kisichozunguka, au kihamishiwe nchi kavu. Bomba linalopigwa rangi kila baada ya miaka michache litengenezwe kwa chuma kisichoshika kutu.

Onyo: kila kihisi unachoongeza nacho ni kifaa cha kutunza. Nimewahi kuona pendekezo la vihisi vipya zaidi ya mia kwa ajili ya "kupunguza ziara", na hakuna aliyekuwa amehesabu ni mara ngapi vitahitaji kusahihishwa vipimo. Ongeza mstari kwenye jedwali kwa kila kifaa kipya, kisha uone kama jumla ya ziara imeshuka kweli.

## Hatua ya 3: Panga jukwaa litafanya nini likiachwa peke yake

Usalama wa jukwaa usitegemee mawasiliano hata kidogo. Likipotelewa na nchi kavu, lijifunge lenyewe, kwa akili iliyomo ndani yake.

Vali za dharura zitumie springi inayoifunga vali pale hewa au mafuta ya haidroliki yanapopotea. Vali ya usalama iliyo ndani ya kisima ijifunge pale presha yake ya haidroliki inaposhuka. Mzunguko wowote wa udhibiti, kama ule wa kushikilia presha au kina cha maji ndani ya tangi la kutenganishia mafuta, gesi na maji, ukae kwenye kompyuta iliyoko jukwaani. Nchi kavu itume shabaha tu: "shikilia presha hii".

Baada ya hapo amua muda. Mawasiliano yakikatika, jukwaa liendelee kuzalisha kwa dakika ngapi kabla ya kujifunga kwa utaratibu? Jibu linatoka kwenye uchambuzi wa hatari, na hutofautiana kati ya jukwaa na jukwaa. Liandikwe, lijaribiwe.

Sasa lipo jambo linalowaponyoka hata wahandisi wazoefu. Ukipunguza ziara, unapunguza pia majaribio ya vifaa vya usalama, na SIL inaporomoka kimyakimya. Uwezekano wa vali kushindwa siku inapohitajika hukadiriwa kwa kuzidisha kiwango chake cha hitilafu zilizofichika kwa nusu ya muda kati ya jaribio na jaribio. Vali yenye kiwango cha 0.012 kwa mwaka, ikijaribiwa kila mwaka, inapata 0.006. Hiyo iko ndani ya SIL 2, inayotaka chini ya 0.01. Ijaribu kila baada ya miaka miwili na unapata 0.012. Vali ni ile ile, lakini umeshuka hadi SIL 1.

Dawa zipo. Vali inaweza kusogezwa kidogo kutoka mbali, bila kufungwa kabisa, kuthibitisha kwamba haijaganda. Jaribio hilo hugundua sehemu tu ya hitilafu, kwa hiyo hesabu sehemu hiyo peke yake. Unaweza kufunga vali mbili mfululizo, au vihisi vitatu ambapo viwili vikikubaliana mfumo unachukua hatua. Viwango vya kimataifa vya IEC 61508 na IEC 61511 vinaeleza hesabu zake. Zirudie kila unapobadilisha muda wa ziara.

## Hatua ya 4: Badilisha pua, sikio na kiganja

Mtu anayetembea jukwaani hukusanya habari nyingi bila kujua. Anasikia pampu ikikwaruza kama imemeza kokoto, ananusa gesi, anagusa beringi na kushtuka ilivyo moto. Ukimtoa, habari hizo hazifiki popote usipoziwekea njia.

Mtetemo na joto la beringi vipimwe kwa vihisi vya kudumu kwenye kila mashine inayozunguka. Mvujo wa gesi utafutwe kwa njia mbili zisizofanana: vihisi vya mwanga vinavyopima gesi iliyokatiza kati ya nguzo mbili, na vya sauti ya juu vinavyosikia mvumo wa gesi inayotoka kwa presha. Upepo wa baharini huweza kulipeperusha wingu la gesi kabla halijakatiza mwanga, ilhali sauti ya mvujo haipeperushwi.

Kipimo kilichosimama kwenye namba moja ndicho cha kuogopwa zaidi. Mwendeshaji anatazama kina cha tangi: asilimia 48, asilimia 48, saa tano mfululizo asilimia 48. Hakuna kengele, kwa kuwa 48 ni namba nzuri. Kumbe nta imeziba tundu la kihisi na tangi linajaa. Weka sheria ndani ya programu kwamba kipimo kisichotikisika kabisa kwa muda fulani kitangazwe kuwa ni kibovu, na kwa kila kipimo muhimu weka cha pili kinachotumia kanuni tofauti ya kupima.

Roboti na droni zina nafasi yake: kusoma geji za zamani, kupiga picha za joto, kukagua mwali wa gesi bila kuuzima. Hakikisha vina kibali cha kufanya kazi penye gesi inayoweza kulipuka, na jiulize roboti ikikwama kwenye ngazi nani atakwenda kuikwamua. Kama jibu ni "tutapanda helikopta", hujafuta safari yoyote.

## Hatua ya 5: Mawasiliano

Njia ziwe mbili, na zisikutane popote: si kwenye bomba moja la nyaya, si kwenye swichi moja, wala kwenye betri moja. Mkongo wa faiba ndio bora kama njia ya kwanza, mara nyingi ukiwa umefungwa ndani ya kebo ile ile inayoleta umeme jukwaani. Kwa sababu hiyo hiyo, nanga ya meli ikikata kebo unapoteza vyote kwa pamoja, na njia ya pili lazima ipite angani: redio ya mikrowevu kwenda jukwaa jirani, au setilaiti.

Muda wa kuchelewa unatofautiana sana. Kwenye faiba ya kilomita 200, amri na jibu lake hutumia milisekunde 2 hivi njiani. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 angani, kwa hiyo amri na jibu hutumia karibu nusu sekunde, kabla vifaa havijaongeza ucheleweshaji wao. Kwa kufungua vali hilo si tatizo. Kwa kuongoza mkono wa kreni ni hatari.

Piga hesabu ya upana wa njia. Vipimo 2,000 vinavyotumwa kila sekunde, kila kimoja kikibeba baiti 50, ni megabiti 0.8 tu kwa sekunde. Kamera 20 za megabiti 4 kila moja ni megabiti 80. Picha ndizo zinazokula njia, basi zipewe daraja la mwisho: njia ikibanwa, kamera zififie kwanza na vipimo viendelee kupita.

Usikubali jaribio la kwenye karatasi. Chomoa waya wa njia ya kwanza katikati ya kazi. Mwendeshaji akiendelea na kazi na kujulishwa kwa kengele moja kwamba yuko kwenye njia ya akiba, umefaulu. Akimwagiwa kengele mia mbili, rudi mezani.

## Hatua ya 6: Umeme na kuwasha upya

Karibu kila mpango hueleza vizuri jukwaa litakavyozimika. Kuliwasha tena huachiwa sentensi moja, na hivyo kila kuzimika kunazaa safari.

Pitia jedwali la sababu na matokeo mstari kwa mstari, ugawe sababu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza linaweza kuwashwa upya kutoka nchi kavu moja kwa moja, mfano presha iliyopanda kwa muda. Fungu la pili linawashwa baada ya mwendeshaji kuthibitisha hali kwa kamera na vipimo viwili huru. La tatu haliwashwi bila mtu kufika, na humo ndimo unapoweka moto au gesi iliyothibitishwa. Kila vali iliyo katika mafungu mawili ya kwanza lazima iwe na njia ya kufunguliwa kwa amri. Vali ya dharura yenye kitasa cha mkono cha kuirudisha inatosha kukuharibia mpango wote.

Kwa upande wa umeme, betri zibebe vihisi vya gesi, mfumo wa usalama na mawasiliano kwa muda unaozidi ule ambao meli ya matengenezo huchukua kulifikia jukwaa katika mwezi mbaya kuliko yote. Kisha uliza swali gumu: betri zikiisha kabisa na umeme urudi, je, kompyuta za jukwaani zitaamka zenyewe na kupokea amri, au mojawapo inasubiri mtu abonyeze kitufe? Zizime zote kiwandani, urudishe umeme, usiguse chochote.

## Hatua ya 7: Funga milango ya mtandao

Gawanya mtandao katika kanda kama kiwango cha usalama wa mtandao cha IEC 62443 kinavyoelekeza: mfumo wa usalama peke yake, wa udhibiti peke yake, na kati yao na ofisi kuwe na eneo la kati ambalo kila kitu lazima kipitie. Mtengenezaji wa kifaa akitaka kuingia kutoka mbali, mwendeshaji amfungulie kwa saa maalumu na kazi yake irekodiwe.

Mwaka 2017 programu hasidi iliyoitwa Triton iligunduliwa katika kiwanda cha petrokemikali huko Saudi Arabia. Ililenga mfumo wenyewe wa usalama, ule wa kuzima mitambo kabla ya maafa. Iliwezekana kwa sababu, miongoni mwa mengine, ufunguo wa kompyuta ya mfumo huo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuruhusu mabadiliko. Penye watu, kosa hilo linarekebishwa kwa kuugeuza ufunguo. Penye kukosa mtu, fundi wa mwisho akiusahau utabaki hivyo mpaka ziara ijayo. Nafasi ya ufunguo basi ionekane kwenye kioo (skrini) cha chumba cha udhibiti, na boti isiondoke kabla haijathibitishwa.

## Hatua ya 8: Chumba cha udhibiti na mamlaka ya aliyemo

Idadi ya kengele ndiyo itakayoamua kama mwendeshaji anaweza kazi hii. Mwongozo wa mifumo ya kengele wa EEMUA 191 unachukulia wastani wa kengele moja kwa dakika kumi kuwa mzigo unaobebeka. Zikivuka kumi ndani ya dakika kumi, ni mafuriko. Kabla ya kuhamia nchi kavu, futa kila kengele isiyomtaka mtu afanye kitu. Mpangilio wa chumba chenyewe, viti, vioo na mwanga umeelezwa katika ISO 11064.

Mamlaka ni jambo la uhai na kifo. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, liliwaka moto na watu 167 wakafa. Majukwaa ya jirani, Claymore na Tartan, yaliyounganishwa nalo kwa mabomba, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku moto ukionekana, waliokuwa zamu wakisitasita kusimamisha uzalishaji kwa uamuzi wao. Andika kwa jina la cheo nani anaweza kufunga nini, na iwe wazi kwamba mwendeshaji aliye zamu anafunga kwanza, anapiga simu baadaye.

Janga hilo hilo lilianzia kwenye pampu iliyokuwa katika matengenezo, huku zamu ya usiku haina habari kwamba vali yake ya usalama imetolewa. Kwa hiyo vibali vya kazi za jukwaani viishi kwenye mfumo mmoja unaoonwa na nchi kavu, na kifaa chenye kibali kilicho wazi kikatae kuwashwa.

## Hatua ya 9: Jaribio la mikono mfukoni

Jukwaa la Ivar Aasen, la Norway, lilianza kuzalisha Desemba 2016 likiwa na vyumba viwili vya udhibiti vinavyofanana, kimoja baharini na kingine mjini Trondheim. Udhibiti ulihamishiwa nchi kavu Januari 2019. Fuata mwendo huo wa pole.

Acha wafanyakazi wabaki jukwaani kwa siku 30 huku nchi kavu ikiendesha kila kitu. Hawaruhusiwi kugusa isipokuwa kwa usalama. Kila mara mkono unapogusa kifaa, hata kuzungusha vali robo duara, iandikwe: saa, kifaa, sababu. Waeleze mapema kwamba karatasi hiyo haimhukumu mtu, la sivyo watagusa bila kuandika.

Kila mguso ni safari ya baadaye. Urudishe kwenye jedwali la hatua ya 1, utafute dawa yake, uanze siku 30 upya. Usishangae mzunguko wa kwanza ukileta miguso mingi, wala usikubali kufupisha siku kwa sababu tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa.

Karatasi ikirudi tupu, chagua msimu wa bahari tulivu kwa kipindi cha kwanza bila watu, na uweke meli yenye daraja la kuvukia karibu. Ondoa watu kwa wiki mbili, kisha wapeleke wakague kila kitu kwa macho na kulinganisha na yale ambayo vioo vya nchi kavu vilikuwa vinasema siku zote hizo. Vikitofautiana popote, hata kwa geji moja, watu wanabaki jukwaani mpaka sababu ijulikane.